Ile Barre ya Ruphin Waliyoichomelea

"Maman Madeleine, ule Ruphin wenu wa ku kanisa, anataka kunyonga nani?"

Clémentine, jirani yangu hapa Panda, mtaa wa Likasi, aliniuliza hivyo asubuhi moja ya mwezi wa sita. Baridi ilikuwa kali, yeye amejifunga vitenge viwili, kichwa kimepita juu ya ukuta wetu kama cha mbuzi anayetafuta majani. Nikaenda kuangalia. Katika lupango ya Ruphin, yaani uwanja wa nyumba yake, zilikuwa zimesimamishwa nguzo mbili za chuma, juu yake kimelazwa chuma cha tatu, na pembeni ilining'inia kamba yenye gunia la mchanga. Kusema kweli, palifanana na pa kunyongea watu. Ruphin mwenyewe alisimama chini yake, mkono wa kuume ameuinua nusu tu, uso umekunjamana, anahesabu polepole.

"Hapana kunyonga muntu, Maman," aliniambia. "Natafuta bega yangu."

Naandika habari zake kwa ndugu zangu wa parokia kwa sababu zimesemwa vibaya sana katika mitaa hii, na kwa sababu mambo mengi niliyaona kwa macho yangu. Mengine nilitamani nisiyaone.

Ruphin amezaliwa hapa hapa Panda, kwenye nyumba za wafanyakazi. Baba yake alikuwa ajusteur, mtu wa kurekebisha mashine, na alimfundisha mtoto kushika tupa na msumeno wa chuma kabla hajajua kusoma vizuri. Lakini Ruphin alipofika umri wa kazi, atelier, yaani karakana, hazikuwa zikichukua watu tena. Akaenda Kakontwe kuwa chargeur, yaani mpakiaji. Miaka kumi na tisa alipakia magunia ya simenti na chokaa ndani ya mabehewa ya reli, kilo hamsini kila gunia, kutoka chini mpaka begani, kutoka begani mpaka juu. Alikuwa akirudi nyumbani mweupe kama panya aliyetoka kwenye unga, na mke wake Mélanie alimkataza kuingia ndani kabla hajajikung'uta.

Bega lilianza kidogo kidogo. Kwanza hakuweza kulala upande wa kuume. Halafu hakuweza kuanika shati kwenye kamba. Siku moja gunia likamponyoka, likapasuka miguuni pa kapita, yaani mkubwa wa wapakiaji. Kesho yake alipofika kazini alikuta mtu mwingine amesimama mahali pake, amevaa hata glavu zake alizoziacha kwenye kisanduku. Hakuna aliyemwambia neno. Glavu za mtu!

Hospitalini, mama mmoja wa kinesi, anayenyoosha viungo vya watu, alimshika ule mkono na kumwambia: bega halijafa, lakini linataka kuvutwa na kuning'inizwa polepole, siku nyingi, bila kulilazimisha. Akamwambia atafute barre, yaani chuma cha kujivutia juu. Ndiyo hivyo Ruphin alivyokwenda kwenye salle ya Shituru, yaani ukumbi wa mazoezi ya mwili.

Niliifahamu salle hiyo siku niliyomsindikiza Mélanie kumfuata mumewe. Ni hangari ya zamani nyuma ya nyumba za reli. Ukiingia, harufu inakupiga kwanza: jasho la jana juu ya jasho la juzi, mafuta ya mawese wanayojipaka kifuani ili misuli ing'ae, na kona moja wanayokojolea kwa sababu wanasema nje ni mbali. Barre yao ilikuwa bomba nyoofu la maji, limepigiliwa kati ya kuta mbili, jeusi kwa mikono ya watu. Mtu akishajivuta anatema mate sakafuni, pale pale atakapolala mwenzake kufanya pompe, kujisukuma juu kwa mikono. Na wote wanacheka kwa sauti, kama watu walioambiwa kwamba kunyamaza ni ugonjwa.

Mkubwa wa salle ni Jean-Luc, na Jean-Luc ndiye kapita wa wapakiaji pia. Ana desturi yake: kila siku ya Mungu, ndiyo Jumapili, ya mwisho wa mwezi, saa za alasiri, chargeurs wote wanakuja kujivuta kwenye barre mbele yake. Anayejivuta mara nyingi, Jumatatu anapanda behewa. Anayeshindwa anabaki chini kufagia vumbi, au anabaki nyumbani. Hatazami kama unajua kupanga magunia, hatazami kama unakuja kwa wakati. Anatazama kidevu chako kimepita chuma mara ngapi. Ni kama mtu anayechagua ng'ombe kwa kuangalia meno.

Siku ile Ruphin alikuwa ameshika bomba. Akajivuta kidogo, uso ukageuka rangi ya majivu, akaachia, akaanguka juu ya matako.

"Papa, weye unavuta barre, ao barre njo inakuvuta?" kijana mmoja alipiga kelele.

"Mumuletee kiti! Mukongwe achoke muzuri!"

Mmoja akammwagia maji ya kunawia miguu. Jean-Luc hakucheka, alitikisa kichwa tu kama mwalimu. "Ku barre yangu," alisema, "kama hausikii maumivu, haujafanya kintu."

Mélanie alikuwa analia kwa hasira njiani. Ruphin hakuwa na hasira. Alikuwa akitembea huku anageuza viganja vyake mbele ya uso, juu, chini, juu, chini, hata mwendesha moto mmoja, mtu wa pikipiki, nusura amgonge.

"Hapana bega njo ilikatala kwanza," alisema. "Ni mikono. Ile chuma inashika mikono sawa pingu. Bega inataka kuzunguka, mikono inafungwa, basi bega njo inalipa."

Kesho yake alimwita Elie, mdogo wake wa kuzaliwa. Elie ana miaka thelathini na moja, na yeye pia ni chargeur kwa Jean-Luc. Ruphin alimwambia anyanyue gunia la makala, yaani mkaa, mpaka begani, mara ishirini, polepole sana. Yeye akachuchumaa kutazama viganja tu.

"Yaya, unasomea udaktari ao unaniroga?" Elie alimuuliza kaka yake kwenye mara ya kumi na mbili, jasho linamtoka.

"Nyamaza, nyanyua."

Ruphin aliona hivi, na alinieleza akiwa amefurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani: gunia likiwa chini, viganja vinatazama ardhi. Likifika kifuani, viganja vinatazamana. Likifika begani, viganja vinatazama mashavu. Hakuna mahali ambapo mkono unakaa tuli. Mungu aliumba bega lizunguke, alisema Ruphin, na sisi tunalitundika kwenye bomba la maji.

Basi akaanza kutengeneza. Kwa siku tatu za Mungu, watu wakitoka misa, alisimama mlangoni na nyuzi, anapima wanaume upana wa mabega, anafunga fundo, anaandika jina juu ya kipande cha karatasi. Padri alimuuliza kwa upole kama ameanza kazi ya majeneza. Alipata nyuzi kumi na moja, na hakuna mbili zilizolingana. Hapo akajua kwamba mikono ya barre lazima isogezwe, mwembamba aivute karibu, mnene aisukume mbali.

Barre ya kwanza aliikunja kwa moto kama mabawa ya ndege. Ikaumiza vifundo vya mikono. Akaikata. Ya pili aliipa vishikio viwili vinavyozunguka, chuma ndani ya chuma, lakini mvua moja tu ikaleta kutu, vikawa vinalia na kung'ata. Akaikata. Mélanie alikuwa anasema nyumba yake imegeuka machimbo. Kwa ile ya tatu, Ruphin alikwenda kwa watengenezaji wa pikipiki, akaomba roulements za magurudumu yaliyokufa, vile vyuma vya mviringo vyenye vidonge ndani. Akaziosha kwa petroli, moja moja, akachagua nne nzuri. Mbili kwa kila kishikio. Juu ya vishikio akazungushia mpira wa ndani wa baiskeli, vikawa vinene, vidole visibane sana. Ukivishika vile vishikio na kujivuta, vinageuka vyenyewe pamoja na mkono wako, kimya kabisa.

Na ile kamba aliyoiona Clémentine ilikuwa hivi. Ilipita juu ya poulie, gurudumu la kamba, ya kisima cha zamani. Upande mmoja gunia la mchanga, upande mwingine ubao. Mtu anapiga magoti juu ya ubao, anashika barre. Anapojivuta, gunia linashuka na kumsukuma juu, kwa hiyo mikono haibebi mwili wote. Kila juma Ruphin alitoa kikombe kimoja cha mchanga, kikombe cha chai. Mchanga wenyewe aliuchuja kwa kichungio cha unga cha Mélanie, na kwa hilo hawakusemezana siku mbili.

Mwezi wa tisa nilimwona Ruphin mlangoni mwa kanisa akivua kofia kwa mkono wa kuume. Niliingia nikapiga magoti.

Lakini sasa Elie ndiye aliyekuwa hawezi kulala upande wa kuume. Ruphin alilisikia hilo kwa mke wa Elie, wala si kwa Elie mwenyewe, na tangu siku hiyo alikuwa na shauri moja tu: bega la mdogo wake lisifuate njia ya lake. Alimwambia aje ajizoeze. Elie akakataa.

"Yaya, batanisema. Batasema navuta barre ya bamama ba mimba."

Mélanie alikuwa anasonga bukari, akageuka na mwiko mkononi. "Na weye ulibebwa na nani miezi tisa? Na gunia?"

Elie akacheka, akashindwa, akapiga magoti kwenye ubao. Alikuja kila siku kwa majuma matano. Mara nyingine nilipita na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, nikawakuta wawili wamekaa chini, Ruphin amemshika mdogo wake bega kwa vidole viwili, anasikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Maumivu yalipungua. Juma la nne Elie alilala upande wa kuume.

Siku ya Mungu ya mwisho wa mwezi wa kumi Elie alijivuta mara kumi na nne kwenye bomba la Shituru, na uso wake haukukunjamana. Jean-Luc akaona. Akauliza, akaambiwa. Juma lile lile akaja Panda mwenyewe, amevaa shati jeupe, akazunguka ile barre, akapiga nguzo kwa ngumi.

"Mukubwa Ruphin, tupe hii. Batu bote bafaidike."

Ruphin hakuuliza kitu. Ndicho alichokuwa anaomba siku zote, kwamba chargeurs wote wapone mabega. Alimwonyesha kila kitu: hapa unasogeza, hapa unafunga, vishikio hivi lazima vizunguke, huu mchanga usiutoe wote mara moja. Wakaipakia kwenye chariot, mkokoteni, vijana watatu wanasukuma, na Ruphin alitembea nyuma yake mpaka Shituru ameshika kamba isiburute chini. Nilimwona akipita. Alikuwa kama mtu anayempeleka binti yake kwenye ndoa.

Sasa nifike mahali ninapoona kinyaa hata kuandika.

Kwanza walitoa ubao na gunia. Walisema ni uvivu. Ule mchanga uliochujwa kwa kichungio cha unga waliumwaga kwenye kona yao ya mkojo, ukanyonya, na wakasema angalau Ruphin ameleta kitu cha maana. Halafu wakavishika vishikio, wakaona vinageuka. Sasa sisi wa Likasi tujuane. Sisi ni watoto wa ma-atelier. Kitu kikitikisika hatuulizi kwa nini kinatikisika, tunaita mtu wa soudure akichomelee. Kitanda, lango, sufuria, benchi la kanisa, vyote tumevichomelea, na tukishachomelea tunapiga kwa nyundo na kusema: tayari. Wakamwita Patrice, ambaye kwa kuchomelea hakuna wa kumshinda hapa Panda. Patrice hakutaka hata malipo. Alisema kazi ya Ruphin ni nzuri, ila amesahau kukaza. Akakaza. Vishikio viwili, soudure mbili. Na alivikaza jinsi vilivyokuwa vimesimama siku ile, viganja vimegeuzwa nje, mkao ambao hata lile bomba nyoofu halikuwa nao.

Hakuna aliyemwambia Ruphin.

Siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja, mvua ilikuwa inapiga mabati ya hangari. Jean-Luc aliomba mama mmoja wa parokia aje kusali, kwa kuwa barre ni mpya. Nikaenda mimi. Ruphin alikuwa amebaki kufunga kanisa, ufunguo ulikuwa kwake juma lile, akasema atanifuata. Nilisimama mbele ya ile barre. Niliziona zile soudure, zimevimba na kung'aa kama kamasi iliyokauka chini ya pua ya mtoto. Roho yangu iliniambia: hii sikuiona Panda. Lakini mimi nilidhani wanaume wanajua mambo ya chuma. Nikafumba macho, nikabariki. Mungu anisamehe, nilibariki hata ile soudure.

Elie alikuwa wa tatu. Alishika vishikio, akavigeuza. Havikugeuka. Akaachia, akavitazama.

"Mbona haizunguki?"

"Tulikaza," Jean-Luc alisema. "Ilikuwa inacheza."

"Lakini yaya alisema..."

"Yaya yako njo anapakia wagoni? Vuta. Ao tungoje yaya yako akuje akushike kiuno?"

Hangari yote ikacheka. Nilimwona Elie akitazama mlango. Nilikuwa na mdomo, ningeweza kusema: mwanangu, ngoja kaka yako. Sikusema. Nilikuwa nimeshika rozari yangu na kuona haya katikati ya vifua vile vya mafuta. Elie akaruka, akashika.

Walihesabu wote pamoja, wanapiga miguu. Moja. Mbili. Tatu. Kwenye ya tano viwiko vyake vilianza kupanuka vibaya, kama mabawa ya kuku anayeshikwa. Kwenye ya nane nilisikia mlio. Mnajua mlio wa kitenge kipya sokoni, mwuzaji anapokichana vipande viwili? Ndio huo. Elie akabaki ananing'inia kwa mkono wa kushoto, mdomo wazi, bila sauti. Na wao wakapiga miguu na kusema: "Nane!"

Halafu akaanguka. Na kulikuwa na kicheko, ndiyo, kicheko. Kijana mmoja akaja na simu mpaka karibu na uso wake. "Geuka huku, muzee, tuone machozi." Mwingine, kiatu chake kimejaa matope, akataka kumkanyaga kwapani auvute mkono urudi, kwa sababu aliwahi kuona wakifanya hivyo kwa mchezaji mpira. Hapo ndipo miguu yangu ilipopata akili. Nilikaa chini pembeni ya Elie, juu ya mate yao, kitenge changu cha misa kikalowa, nikaweka mikono miwili juu ya bega lake na kusema hakuna atakayeligusa.

Na Jean-Luc? Jean-Luc alimruka Elie. Aliinua mguu, akamvuka kama mtu anavyovuka mfereji, akasimama chini ya barre, akafungua kidaftari chake.

"Nani anafuata?"

Na mmoja akaja. Na mwingine. Wanne walijivuta kwenye chuma kile kile wakati Elie amelala chini analia, na kila mmoja alimvuka namna ile ile. Nimezika watoto wawili, nimefua nguo za wagonjwa wa kuhara kwa mikono yangu, wala sikuwahi kutapika. Siku ile nilitapika, pale pale, na wakacheka tena.

Ruphin aliingia akiwa ameloa mvua, ufunguo wa kanisa mkononi. Alimtazama mdogo wake. Halafu akainua mkono, ule wa kuume uliopona, akapitisha kidole juu ya soudure ya kwanza, akapitisha juu ya ya pili.

"Nani alifanya hivi?"

"Patrice."

"Juu ya nini?"

"Ilikuwa inatikisika," alisema Jean-Luc.

"Ilikuwa inazunguka, Jean-Luc. Nilikuambia. Nilikuonyesha na mikono yangu."

Jean-Luc akafunga kidaftari. "Minye najua kintu kimoja. Barre yako ilivunja muntu. Bote hapa banajua."

Na kweli, kesho yake wote walijua. Hayo ndiyo yaliyonichosha kuliko mate na mkojo. Bombani tunapochota maji, wanawake walisema Ruphin amemvunja ndugu yake ili asibaki kilema peke yake. Wengine walisema ndani ya zile roulements alitia dawa. Ile video ilikimbia kwenye simu, na siku ya Mungu iliyofuata nilikuta watu wa kwaya, watu wa kwaya yetu, wamesimama uani mwa kanisa wakila karanga na kuiangalia, na mmoja anasema: "Rudisha, rudisha pale bega inapolia." Waliokula Mwili wa Bwana dakika kumi zilizopita, midomo bado haijakauka. Niliwapita. Sina maneno mazuri ya kuandika juu ya hilo, kwa hiyo siandiki.

Elie alifungwa mkono kwenye kitambaa. Yule mama wa kinesi alisema msuli umechanika lakini haukukatika wote, na baada ya majuma machache lazima aanze kujivuta polepole, mwili ukiwa umepunguzwa uzito, mikono ikiwa huru kuzunguka. Aliposema hivyo alikuwa anaeleza barre ya Ruphin bila kuijua. Akichelewa, alisema, bega litaganda, na mtu huyu hatanyanyua hata mtoto wake.

Basi tulikwenda Shituru, Ruphin na mimi, kuomba barre irudi. Jean-Luc alisema kitu kilichotolewa hakiombwi. Nilimwambia kwa sauti ya chini, maana sijui kupiga kelele: "Mwanangu, ulimruka. Nilikuwa nimekaa pale. Nitakapoulizwa mbele ya Mungu nitasema hivyo, na hapa duniani pia kila atakayeniuliza nitamwambia." Alitazama pembeni. Halafu alisema tuichukue basi, ni takataka tu, yeye bomba lake lipo.

Tukairudisha kwa chariot ile ile. Ilikuwa inanuka. Niliiosha kwa sabuni na majivu, mara tatu, mawese na mate na vitu vingine nisivyotaka kuvijua vikatoka pamoja na maji meusi. Mélanie alichemsha maji ya mara ya nne. Ruphin akachuja mchanga mpya, na safari hii Mélanie mwenyewe ndiye aliyemletea kichungio.

Zilibaki soudure. Ruphin alikwenda kwa Patrice kumwomba meule, ile mashine ya umeme ya kukatia chuma. Patrice alisikitika juu ya Elie, alisikitika kweli, alileta hata kuku. Lakini meule akakataa.

"Soudure yangu haijafunguka hata siku moja," alisema. "Nikikukatia ile, bote batasema Patrice njo alivunja muntu."

"Na sasa banasema nani?"

Patrice alivaa miwani yake ya kuchomelea. Na watu wengine wa soudure hapa Panda, mmoja baada ya mwingine, waligundua kwamba meule zao zimeharibika, au ziko kwa shemeji, au umeme wao ni mdogo. Wanalindana. Wangekuwa wanalinda mabega ya watu namna hiyo, Kakontwe kusingekuwa na vilema. Nyumba ya tano, meule iliyoharibika ilikuwa inalia nyuma ya ukuta wakati mwenye nyumba anatueleza kwamba imeharibika.

Ruphin amejaribu kwa msumeno wa mkono. Nyembe sita zimevunjika. Amejaribu kwa tupa ya baba yake, siku nne, na amefika kina cha ukucha. Kwa nyundo hawezi kupiga, kwa sababu roulements zitapasuka ndani. Elie anakuja kila asubuhi, anakaa juu ya ule ubao bila kufanya kitu, mkono wake umefungwa, anamtazama kaka yake akikwaruza.

Jana nilimwambia Ruphin kwamba ninaandika habari zake kwa parokia, watu wajue alivyofikiri, zile nyuzi kumi na moja, viganja, vyote. Nilimuuliza anataka niandike nini mwisho. Alipuliza unga wa chuma kwenye vidole vyake.

"Maman," alisema, "juu ya akili yangu usiandike sana. Andika kama natafuta muntu wa kuniazima meule siku moja. Umeme kwangu iko, asubuhi mpaka saa sita. Nitaikata minye mwenyewe, na nitairudisha siku ile ile."